Mwili Niliokuwa Nao Kabla Hujafika

Kapinga mwanangu,

Nimejifungia chumbani na kuweka kiti nyuma ya mlango, maana leo katika nyumba hii hakuna mtu anayeweza kukaa peke yake hata dakika tano. Uani wanawake wanaimba tangu saa nne za asubuhi. Mama yako mkubwa Feza amecheza mpaka kiatu kimekatika, sasa anacheza miguu mitupu na anawalaumu wenye viatu kwamba wanachelewesha wimbo. Mdogo wako Kabuya amevunja kiti changu cha plastiki kwa kukikalia na vile mwili wake ulivyo. Na mimi, mama wa watu wazima, nimeshasahau mara tatu nilichokuwa ninakitafuta. Furaha imenishika, mwanangu. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Lubumbashi, kwa mume wako Kalenga, na mimi kila nikikumbuka ninacheka peke yangu.

Sitakuandikia namna ya kusonga bukari wala namna ya kumwamkia mama mkwe. Mashangazi wamekufundisha siku tatu, na baadhi ya mambo waliyokufundisha hata mimi sikuyajua. Nakuandikia jambo ambalo sikuwahi kuweza kulisema kwa mdomo. Nitaandika Kiswahili cha masista walionifundisha shuleni Dilala, lakini watu nitawaacha waseme jinsi walivyosema.

Asubuhi ya leo ulipovaa ile nguo ya kitenge, fundi alikuwa ameshaipunguza mara mbili. Ukazunguka mbele yetu, ukashika kitambaa kilichobaki kiunoni, ukasema: "Mama, angalia! Nimepungua tena!" Wote wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama kando ya tangi la maji, kwa sababu mwili ule uliokuwa ukizunguka mbele yangu ninaujua. Niliwahi kuwa nao. Ndio mwili niliokuwa nao kabla wewe hujafika.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilizaliwa hapa hapa Kolwezi, katika nyumba ya kampuni, kwa baba aliyeletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi ya migodi. Kasai yenyewe nilikuwa sijaiona hata siku moja. Niliolewa na baba yako Kabeya, fundi wa umeme, na mwaka wetu wa kwanza wa ndoa ulikuwa mzuri: kila mwezi kampuni iligawia wafanyakazi mfuko wa unga, na mimi nilikuwa na mashavu. Ukimuuliza baba yako atakuambia.

Halafu kampuni ikaanza kuanguka. Mfuko wa unga ukawa nusu mfuko, kisha ukaisha kabisa. Mshahara ulichelewa mwezi, ukachelewa miwili. Nikajifunza kula mwisho, baada ya baba yako, baada ya shemeji zangu wawili waliokaa kwetu. Mara nyingi mwisho ulikuwa sufuria tupu. Waliponiuliza, nilijibu: "Nimeshiba." Nililisema vizuri neno lile, kwa uso wa kucheka, hata baba yako aliamini. Nilijivunia, Kapinga. Nilidhani huko ndiko kuwa mke. Nguo ziliponilegea, nilifunga vitenge viwili kimoja juu ya kingine ili nionekane nimejaa.

Jirani yetu wakati ule alikuwa Feza. Ndiyo, huyu huyu anayecheza uani. Yeye ni mtu wa kaskazini ya Katanga, wa udongo huu, na kati ya nyumba yake na yetu kulikuwa na ua wa maua tu. Hakudanganyika na vitenge viwili.

"Ngalula," aliniita siku moja, "kuya ukule. Bukari iko moto."

"Asante, Yaya," nilimjibu, kama anavyoitwa dada mkubwa. "Mi nimekwisha kukula."

"Ulikula nini? Mbabula yako haiyawaka tangu asubui."

Nilimjibu vibaya. Maana siku zile maneno yalikuwa yameanza mitaani: watu wa Kasai warudi kwao. Vijana walipita na filimbi na fimbo, na mdogo wake Feza alikuwa mmoja wao, nilimwona kwa macho yangu. Nikamwambia Feza: "Peleka chakula chako kwa mudogo wako, atapata nguvu ya kutufukuza muzuri." Aliinamisha kichwa, akaingia ndani na sahani yake.

Hilo ni kosa langu la kwanza, na nimelibeba muda mrefu. Nilichukua dhambi ya mtu mmoja nikaitia katika chungu cha mtu mwingine. Na mimi ndiye niliyelala na njaa.

Haikupita miezi mingi, baba yako akaachishwa kazi pamoja na wenzake wote wa Kasai. Kisha tukatolewa katika nyumba. Tulichukua godoro, sufuria, cherehani ya mama yangu, tukaenda kwenye stesheni ya treni pamoja na maelfu ya wengine. Hakukuwa na treni. Tukatandika mikeka kati ya reli na ukuta, tukangoja wiki sita. Mvua ilinyesha juu yetu. Watu walizaa pale, na watu walizikwa kutoka pale. Sitaki kukupa hayo yote leo, leo ni siku ya ngoma. Nataka kukupa Mama Tshilanda.

Mama Tshilanda alikuwa mkunga aliyefukuzwa kama sisi. Vitu vyake vyote alivipoteza ila mfuko mmoja wa kazi, na kila asubuhi alipita mkeka kwa mkeka akiwaangalia wanawake. Alipofika kwangu hakuuliza kitu. Alishika mkono wangu hapa juu, karibu na bega, akauzungushia vidole vyake, na kidole gumba kikakutana na kidole cha kati.

"Mwezi yako ilipotea tangu wakati gani?"

Nilimwambia sijui. Ilikuwa inakuja na kupotea tangu mwaka uliopita, kwa sababu ya njaa, nikaacha kuihesabu. Alinilaza, akanigusa tumbo polepole. Kisha akasema: "Uko na mimba, mama. Inapita miezi tatu."

Nilicheka kwa sauti! Katikati ya taabu ile nilicheka mpaka watu wakageuka. Mimba! Wewe, Kapinga! Nilimwita baba yako aliyekuwa anatafuta maji, akaacha ndoo imwagike. Lakini Mama Tshilanda hakucheka. Alikaa kwenye mkeka wetu, akaongea nasi wote wawili.

"Mbele ya mimba, mwili wako ilikuwa namna hii?"

"Ilikuwa namna hii," nilisema. Ilikuwa mara ya kwanza kukiri mbele ya baba yako. Aligeuka akaniangalia kama mtu aliyeamshwa.

"Basi musikilize. Mutoto haanzake kukula siku anaingia mu tumbo. Anakula na bitu mama aliweka mu mwili mbele ya yeye kufika. Weye haukuweka kitu. Batoto ba bamama bakondefu banaweza kuya mbele ya wakati, ao banaweza kuya badogo. Si bulozi. Si malaani. Ni chakula. Tangu leo kila kitu unapata, unakula, na tutaona."

Baba yako aliuliza, sauti chini: "Tutakula nini hapa?"

Na kesho yake, mchana kweupe, nikamwona Feza anavuka reli.

Alikuwa na beseni kichwani lililofunikwa kitambaa. Vijana wenye filimbi walisimama kwenye lango la stesheni, na mmoja wao akampigia kelele: "Mama, unalisha maadui?" Feza hakusimama. Alijibu akitembea: "Niko nalisha jirani yangu. Weye jirani yako nani?" Wakacheka, wakamzomea, mmoja akamrushia ganda la muhindi. Alifika mkekani kwetu, akalitua beseni: bukari, sombe ya majani ya muhogo na karanga, na samaki wadogo wa ndakala waliokaangwa wakakauka vizuri. Mimi niligeuza uso. Ndiyo, hata pale, na wewe tumboni, niligeuza uso.

Akachuchumaa mbele yangu.

"Unanikasirikia, Ngalula. Sawa. Kasirika. Lakini kasirika huku unakula."

Nikala. Nililia na kula kwa pamoja, sombe ikachanganyika na makamasi, na yeye akaniangalia mpaka nilipomaliza. Alikuja kila siku tangu siku ile mpaka treni ilipokuja. Siku nyingine alileta maharagwe, siku nyingine mihogo na karanga tu, kwa sababu hata kwake hakukuwa na mengi. Nilipomwambia kwamba nina mimba, alipiga vigelegele pale pale kati ya reli, peke yake, kati ya watu waliofukuzwa. Watu wakamwangalia kama mwendawazimu. Unavisikia sasa hivi, vinatoka uani. Ni sauti ile ile.

Chakula cha Feza kilikusaidia, Mama Tshilanda alisema hivyo mara nyingi. Lakini wiki chache haziwezi kujaza mwaka mzima wa njaa. Tulifika Mwene-Ditu, huko Kasai, pamoja na Mama Tshilanda, tukawekwa katika darasa la shule, na wewe ukaja mwezi wa saba wa mimba, ukiwa hujakamilika vizuri. Ilikuwa mchana, watoto wa shule wakicheza mpira nje. Mama Tshilanda alikuweka juu ya mizani ya zahanati na mshale ukasimama mbali kabla ya kilo mbili. Ngozi yako ilikuwa na mikunjo kama ya bibi. Kucha zako sikuziona, ilibidi nizitafute. Hukulia, ulitoa sauti ndogo ya mlango usiotiwa mafuta.

Nilisema: "Atakufa."

Mama Tshilanda akanikemea. "Nani alikuuliza? Fungua kifua."

Alikuweka juu ya ngozi yangu, uchi, ila kofia ya soksi kichwani, akatufunga pamoja kwa kitenge. Akasema joto langu ndilo dawa ya kwanza, na usitoke pale usiku wala mchana. Nilipochoka, akamwita baba yako, akamwambia avue shati. Kapinga, baba yako, yule mwanamume anayeona aibu hata kubeba mkoba wangu sokoni, alitembea Mwene-Ditu na wewe chini ya shati kama mtu aliyeiba kuku! Wanaume walimcheka. Alijibu: "Muko nacheka, lakini mutoto wangu iko moto." Maziwa nilikamua, tukakupa kwa kijiko, tone kwa tone, kwa sababu kunyonya hukuweza. Siku ya tisa, mvulana mmoja alipiga mpira ukagonga bati, na wewe ukashtuka ukalia. Ukalia kweli! Kwa hasira! Darasa zima la watu waliofukuzwa wakapiga makofi, wazee kwa watoto. Nilijua basi kwamba umeamua kukaa.

Nimefika kwenye jambo gumu. Nikiliruka, barua yote itakuwa uongo, kwa hiyo nitaliandika upesi.

Mama Tshilanda aliniambia: "Sasa ngoja. Mwili yako haiyarudi. Kula mwaka mzima, mbili hata, mbele ya mimba ingine. Niko na namna ya kukusaidia kungoja." Nilimwitikia, kisha sikufanya. Nilitaka kumpa baba yako mtoto wa kiume haraka, ili watu waone kwamba kufukuzwa hakukutumaliza. Bado nilikuwa ninakula mwisho. Wewe ulikuwa hujatembea, nikashika mimba, nikiwa mwembamba kuliko hata kwenye stesheni. Alikuja mapema kuliko wewe, wa kiume. Tulimwita Mulumba. Aliishi siku mbili.

Una mdogo mwingine, Kapinga. Jina lake ni Mulumba. Sasa unajua.

Miezi mingi niliamini kwamba tumbo langu lina laana. Mama Tshilanda ndiye aliyenitoa huko. Hakunisuta kwamba alinionya. Alisema: "Kuko bamama bakondefu banazala batoto bazima. Kuko bamama banene banapoteza. Hakuna mutu anaweza kukuapia kama kilo ingemuokoa Mulumba. Lakini kile tunaweza kufanya, tutafanya." Nikamuuliza ni kipi. Akasema: "Leo utakula wa kwanza."

Baba yako alisikia. Tangu jioni ile alikuwa ananipakulia yeye mwenyewe, na alikaa akiniangalia mpaka sahani iishe. Alipanda karanga nyuma ya nyumba tuliyopewa. Nilikula maharagwe mpaka nikayachoka. Kila mwezi nilikwenda kwenye mizani ya zahanati, na mshale ulipopanda, baba yako alinyanyua mikono kama mtu aliyeona goli. Mashavu yalirudi. Mwezi ukarudi, ukaja kwa wakati wake. Tulingoja miaka miwili na zaidi. Halafu akaja Kabuya, miezi tisa kamili, akipiga kelele tangu mlangoni, na mapaja yake yakiwa na mikunjo ya unene. Mkunga alimnyanyua akasema: "Huyu ameshakula tayari!" Ndiye huyo aliyevunja kiti changu. Kila nikimwona anavunja kitu, sehemu yangu moja inashukuru.

Tulirudi Kolwezi kwa sababu hapa ndipo kwetu, na mlango wa kwanza kutufungukia ulikuwa wa Feza. Alikuwa amehamia mtaa wa Musonoi, na alitupa chumba kimoja kati ya viwili vyake. Mdogo wake tulimkuta pale. Alituomba msamaha akiwa amesimama, bila kutuangalia, na sisi tulipokea bila kumwangalia pia. Baada ya muda tuliweza kuangaliana. Na kesho wewe unakwenda kwa Kalenga, mtoto wa watu wa kaskazini ya Katanga, na leo asubuhi wazee wake na wazee wetu wamegombana juu ya wimbo gani uanze, si juu ya jambo lingine lolote. Hebu fikiri! Nilitamani kulia kwa furaha, nikaogopa kuharibu poda.

Sasa nikuambie kwa nini nilisimama kando ya tangi la maji. Si nguo. Nguo ni nzuri, na fundi ni hodari. Ni kwamba wiki iliyopita Kabuya alichelewa kurudi, samaki alikuwa amebaki mmoja, wako. Ulimwekea katika sahani yake, ukasema: "Nimeshiba." Ulicheka uliposema. Mwanangu, ilikuwa sauti yangu. Hata kichwa ulikiinamisha upande ninaoinamisha mimi. Nilipiga hesabu ya siku nyuma: chai bila kitu asubuhi, andazi moja shuleni unakofundisha, jioni vijiko viwili kwa ajili ya nguo. Hakuna aliyekunyima chakula. Sisi leo tuna chakula. Wewe umejifunza kula mwisho kwa kunitazama, kwa sababu hata baada ya yote niliyoyaona, miaka ilipokuwa mizuri, nilirudia tabia yangu, nawe ulikuwa mtoto mwenye macho. Hili ndilo ninaloliomba msamaha. Mengine yalitupata. Hili nilikufundisha mimi.

Sikuandikii nikutishe. Ukishika mimba kesho kutwa, tutashangilia, na utakula, na mkunga atakuangalia, na mengi yatakuwa mazuri. Lakini mna nafasi ambayo mimi na baba yako hatukuipata. Hakuna anayewafukuza. Mnaweza kwenda zahanati nyote wawili kabla ya kutafuta mtoto, ukapimwa uzito na damu, ukaambiwa kama mwili wako uko tayari. Mkiambiwa mngoje, mngoje kwa raha, mna ujana. Na Kalenga nimeshamwambia, usinikasirikie. Nilimwita jana kando nikamsimulia yote, hata Mulumba. Alinisikiliza kofia mkononi, kisha akauliza: "Mama, anapenda samaki gani?" Nikajua nimempa mtu sahihi.

Subiri, mlango unagongwa.

Ulikuwa wewe! Nimeificha barua chini ya mto, uliona nikificha, umejifanya huoni. Umeniletea sahani ya wali, maharagwe na kuku. "Mama, wee haujakula tangu asubui." Na kwa kweli, mwanangu, mdomo ulifunguka wenyewe kusema kwamba nimeshiba. Nikaufunga. Nikakuambia ukae. Ulisema utapata baadaye, wageni kwanza. Nikakushika mkono, nikasema wageni wana mikono yao. Ukakaa kitandani pembeni yangu. Tumekula sahani moja, umechukua paja lote la kuku bila kuombwa mara ya pili, ukalamba vidole, ukaniuliza kwa nini ninakuangalia hivyo. Utalisoma jibu ndani ya basi.

Umetoka sasa hivi, na huko nje wananiita kwa jina langu la usichana, maana yake wimbo wangu umefika. Naweka kalamu.

Siku mtakapokwenda kupimwa, nipigie simu ukitoka tu. Nitakuwa ninangoja. Usinianzie na kilo, hizo ni za mkunga. Niambie kwanza asubuhi ile umekula nini, kila kitu, polepole, na Kalenga akiwa karibu akuongezee uliyosahau.

Ni mimi niliyekubeba kifuani,
mama yako Ngalula.